Noti Iliyonyooshwa: Kisa Kimoja cha Kambi ya Utunzi wa Muziki Mombasa

## Kisa na namna kilivyoandikwa

Kisa hiki kilitokea Mombasa katika kambi ya likizo ya Agosti. Vijana zaidi ya 20, wa miaka 13 hadi 17, walikutana kwa wiki mbili kujifunza kutunga nyimbo zao wenyewe. Mimi nilikuwa upande wa maneno: mizani, vina, na namna ya kuyapanga maneno yakalie sauti bila kubanana. Waandaaji, wazazi na vijana wanaohusika wameridhia kisa kiandikwe, kwa sharti kwamba majina, shule, mtaa na mwaka viondolewe. Wahusika nimewaita kwa nafasi zao tu: binti, kijana wa kompyuta, mwalimu wa kinanda, mzee wa arusi. Mambo madogo yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili wasitambulike.

Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo kambi za aina hii hulipita bila kuliona. Vifaa tunavyowawekea vijana mezani huwa vimeshaamua sehemu ya wimbo kabla kijana hajafungua kinywa.

## Usuli

Nchi za kaskazini hufanya kambi kama hizi kiangazi, shule zikiwa zimefungwa kwa muda mrefu. Kwetu Agosti ni kusi, manyunyu ya asubuhi na likizo ya wiki chache ambayo nusu yake huliwa na tuisheni. Anayetaka kufundisha utunzi ana siku chache mno, na kila saa ina mwenyewe. Mapumziko ya swala ya adhuhuri yalikuwa kwenye ratiba tangu mwanzo, na Ijumaa kazi ilikuwa nusu siku.

Vijana walitoka pande nne tofauti, na hilo ndilo lililoifanya kambi kuwa tamu na ngumu kwa pamoja. Kulikuwa na waimbaji wa kwaya za shule, waliozoea Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza tangu 1927. Hawa wanasoma solfa, wanajua kusimama na kumtazama kiongozi, na wakipewa wimbo wanaushika upesi. Lakini wimbo wa mashindano aghalabu huja ukiwa umekamilika. Kuutoa mmoja kutoka patupu hawajafunzwa. Kundi la pili lilikuwa la waliolelewa na kasida na dufu za madrasa. La tatu lilikuwa la watoto wa kwaya za kanisa, na kayamba zao. La nne lilikuwa la wale wa chumbani: kijana, kompyuta, vipokea sauti masikioni, biti usiku kucha.

Vifaa vilikuwa vinanda viwili, kompyuta tatu zenye programu za kutengenezea muziki, maiki, spika, gitaa moja, dufu kadhaa, na ngoma za chapuo na vumi. Udi haukuwapo, wala fidla. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, na pia kwamba "vijana wenyewe wataka kompyuta", jambo ambalo ni kweli. Ratiba ya wiki ya kwanza ilikuwa maneno asubuhi, kisha kutafuta tuni kwenye kinanda, na mchana kurekodi kwenye kompyuta. Wiki ya pili ilikuwa ya mazoezi, rekodi ya mwisho na onyesho mbele ya wazazi Jumamosi.

Asiyepiga muziki anivumilie kidogo hapa, maana kisa chote kinasimama juu ya jambo hili. Kinanda cha kawaida hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Wapimaji wa sauti huhesabu oktava kuwa senti 1200, kwa hivyo kila hatua ni senti 100. Muziki wa Kiarabu, ambao taarab ya pwani yetu imekunywa humo, una njia za sauti ziitwazo maqamu, na baadhi yake zina noti zinazoangukia katikati ya hatua mbili za kinanda. Bayati ni mojawapo. Ukiianzia noti ya D, noti ya pili huwa kama senti 150 juu yake, yaani kati ya E flati (E iliyoshushwa hatua moja) na E yenyewe. Udi hauna vikwazo shingoni kama vya gitaa, na fidla haina, kwa hivyo kidole hutua pale sikio linapotaka. Kanuni, ala ya nyuzi nyingi, ina vipini vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi. Kinanda cha kawaida hakina njia hiyo mpaka ukirekebishe.

Mtoto wa Mombasa huweza kuijua Bayati pasi na kulisikia jina lake hata siku moja. Ataipata kwenye kasida, kwenye maulidi, kwa msomaji wa Kurani mwenye sauti nzuri, na katika nyimbo za arusini. Waliomsikia mwimbaji wa taarab Zein l'Abdin na udi wake wanaijua njia hiyo. Waliompenda zaidi mwimbaji mwenzake Juma Bhalo walizoea mahadhi yaliyoelekea filamu za Kihindi, na hiyo ni habari nyingine. Mji huu haujawahi kuwa na sikio moja.

## Yaliyotokea

Siku ya pili kila kijana alitakiwa kuja na ubeti mmoja. Binti, mwenye miaka 15, mtoto wa madrasa na mpole wa maneno, alileta huu:

*Feri yangoja Likoni, mama bado hajafika,*
*Jua lazama majini, na taa zimeshawaka,*
*Nina ndugu mgongoni, njaa yake yamshika,*
*Feri njoo ufukweni, mamangu apate shuka.*

Mizani 8 kwa 8, vina vimetimia, na hadithi yote imo: mtoto yuko upande wa kisiwani na mdogo wake mgongoni, anangoja mama avuke kutoka kazini. Hapakuwa na la kurekebisha. Nilimwuliza kama ana tuni, akasema anayo, akaiimba papo hapo kwenye benchi kwa sauti ndogo. Rafiki yake akamrekodi kwa simu. Haikufika dakika moja, na wakati ule hakuna aliyeipa rekodi hiyo uzito.

Siku ya tatu kundi lake la watu watano lilikwenda kwa mwalimu wa kinanda. Huyu ni mtu mvumilivu, aliyekulia kwenye kwaya, na vijana walimpenda. Alimwomba binti aimbe pole pole ili amtafutie noti. "Feri yangoja" ilipatikana upesi. Kwenye "Likoni" pakakwama. Silabi ya "ko" binti aliikalia, akaivuta, ndipo akashuka kwa "ni" mpaka D. Mwalimu akabonyeza E. Binti akatikisa kichwa. Akabonyeza E flati. Akatikisa tena.

"Iko hapo kati," akasema.

"Mwanangu, hapo kati hapana kitu."

Kwa kinanda kile, mwalimu alisema kweli. Alichohitimisha ni kwamba sauti ya mtoto bado haijatulia, akampa zoezi la kupanda D, E, D, E mpaka alipoipata E safi. Kwenye daftari la kundi tuni ikaandikwa kwa E.

Mchana ikawa zamu ya kijana wa kompyuta. Ana miaka 17, ni hodari kweli, na tayari alikuwa amekesha akitengeneza biti yenye besi nzuri katika njia ya D ndogo (D minor). Binti alivaa vipokea sauti akaimba. Akiwa peke yake kwenye maiki alirudia noti yake ya mwanzo, nadhani bila kukusudia. Kijana akaiwekea programu ya kunyoosha sauti, ile wenyewe waiitayo ototyuni, akaichagulia D ndogo. Programu ikafanya kazi yake: kila sauti iliyo nje ya njia hiyo ikavutwa mpaka noti iliyo karibu. "Ko" ikapandishwa hadi E.

Kundi likashangilia. Wimbo ulikuwa kama wa redioni.

"Mbona mwanibadilishia?" binti akauliza.

"Sijabadilisha, nimesafisha tu."

Siku ya nne binti alisema koo lamuuma, hakuimba. Ijumaa alimwendea msimamizi wa kambi akaomba kuhamishiwa kundi la dufu. Msimamizi, mama mwenye watoto wake wakubwa, hakuridhika na habari ya koo, akamketisha. Ndipo ikajulikana kwamba rekodi zote mbili zilikuwa kwenye simu ya binti, na kwamba nyanya yake alikuwa amesikilizishwa nyumbani. Ile ya kompyuta aliikataa: "Huyu si wewe." Ile ya benchini ilimtia wasiwasi wa namna nyingine: "Hii ni njia ya kasida. Mwaitoa wapi muitie ngoma?"

Jumamosi mamake alipiga simu. Alikuwa na maswali mawili, na yote alistahili kujibiwa. Nani amegusa sauti ya mwanangu? Na je, ni kweli kasida inatengenezwa kuwa disko?

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha rekodi ya kundi hilo mpaka walimu wote wasikilize rekodi mbili kwa pamoja. Msimamizi ndiye aliyelishikilia hili, ijapokuwa onyesho lilikuwa limebakisha wiki moja. Sababu yake ilikuwa nyepesi: mtoto aliyetunga ndiye aliyejitenga na wimbo wake, na kambi ni ya utunzi.

Katika kikao mwalimu wa kinanda alisimama na E yake. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wimbo wa kundi lazima upigwe na watu watano, na wote wawe na noti moja ya kukutania. Uamuzi wa pili ulitoka hapo: mwenzetu mmoja akapendekeza tumwite mzee ambaye amepiga kinanda cha taarab arusini kwa miaka mingi. Pesa za kumlipa zilikatwa kwenye fungu la vyakula. Jumatatu ile tulikunywa chai bila mahamri, na malalamiko yalikuwa mengi kuliko ya noti.

Mzee alisikiliza rekodi ya simu mara moja. "Bayati hii. Mtoto hajakosea. Kinanda chenu ndicho hakina." Kisha akaonyesha njia mbili.

Ya kwanza ni ya mitambo. Vinanda vingi vya kisasa vina ukurasa wa kushusha au kupandisha kitufe kimoja kimoja kwa senti. Mzee aliitafuta E akaishusha senti 50, na pale pale "ko" ya binti ikapata mwenzake kwenye kinanda. Mwalimu wa kinanda aliibonyeza mara kadhaa, akacheka, akaomba aonyeshwe tena pole pole. Tatizo la njia hii ni kwamba kinanda kilikuwa cha makundi mawili. Ukiishusha E kwa ajili ya wimbo mmoja, wimbo wa pili wenye C, E, G unaharibika. Lazima mpangilio uhifadhiwe kwenye kumbukumbu ya kinanda na mpigaji akumbuke kuutoa.

Ya pili ni ya utunzi, na kwangu ndiyo iliyokuwa somo bora la kambi nzima. Mzee aliwaambia vijana: iacheni E kabisa, msiiguse. Akawapigia D, F, A. Kisha G, B flati, D. Kisha F, A, C. Kisha B flati, D, F. Noti tatu tatu zinazoandamana, mikono yote miwili, na E haimo hata mara moja. Besi ilale D. Noti ya kati abaki nayo mwimbaji peke yake, hakuna chombo cha kugombana naye. Kundi lilichagua njia hii. Lilichagua lenyewe, baada ya kujaribu zote mbili.

Uamuzi wa tatu ulihusu kasida. Waandaaji waliwaalika mama na nyanya waje wakae kikaoni badala ya kuwajibu kwa simu. Nyanya alisikiliza akiwa amefumba macho. Alisema maqamu haina mwenyewe, lakini mwanzo wa wimbo, ile "Feri yangoja", unafuata hatua kwa hatua kasida anayoijua tangu utotoni. Nusu ya pili ni ya mtoto. Hakuna aliyemwamuru binti abadilishe. Siku ya pili yake alikuja na mwanzo mpya, unaoanzia G na kushuka, badala ya kuanzia D na kupanda. Nilimwuliza sababu. Alisema ule wa kwanza "ulikuwa umekopwa", na kwamba huu wa sasa unashuka kama ngazi ya kivukoni. Mama aliridhia aimbe mbele ya familia za kambi, na akakataa video kuwekwa mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na waandaaji walikuwa na fomu iliyotiwa saini mwanzoni. Fomu ile ilikuwa na kisanduku kimoja cha kukubali kila kitu. Walimpa mama fomu mpya, kila jambo na kisanduku chake.

Uamuzi wa nne ulifanywa vibaya. Jumatatu mchana mmoja wa wasaidizi aliiondoa biti ya kijana wa kompyuta kwenye mradi wa kundi, kwa kuwa "haiendani na Bayati". Mwenyewe hakuwapo wala hakuulizwa. Aliporudi akakuta mistari yake imefutwa. Alitoka nje, na siku ile hakurudi.

## Matokeo

Onyesho lilifanyika. Wimbo ulianza na dufu moja na besi ya D, binti akaingia, na kwenye "Likoni" ukumbi ulifanya kile watu wa pwani hufanya sauti ikiwagusa: wazee wawili watatu walisema "Allah" kwa pamoja, na mtu mmoja nyuma akapiga kofi peke yake. Mgeni mwalimu wa muziki, aliyealikwa kutoa maoni, aliandika kwenye karatasi yake kwamba maneno ni mazuri na sauti "iko nje kidogo". Watu hao walikuwa ukumbi mmoja, dakika ile ile. Waandaaji walimweleza baadaye. Alisikiliza, lakini maoni yake hakuyabadilisha.

Kijana wa kompyuta alirudi Jumatano baada ya msimamizi kumfuata nyumbani. Biti yake iliokolewa kutoka nakala ya zamani, akaitumia kwa wimbo mwingine wa mtu mwingine. Katika wimbo wa binti alipiga besi tu.

Vijana wengine wawili wa kundi hawakupata la maana la kufanya. Mmoja alipiga dufu, mwingine alishika maiki. Wiki yao ya pili iliyeyuka katika jambo ambalo halikuwa lao.

Kisha jambo la kuchekesha kwa uchungu. Aliyechanganya rekodi za mwisho, mtu wa kujitolea ambaye hakuwapo kwenye vikao, alinyoosha sauti zote za kambi kwa mkupuo, kama afanyavyo siku zote. Fleshi zilizogawiwa Jumamosi zilikuwa na "ko" ya E. Mama ndiye aliyegundua, akiwa nyumbani. Nakala zilirudishwa zikarekebishwa, na wiki nzima ikapita.

## Uchambuzi

Nianze na kinanda. Hakuna mwalimu aliyekusudia kumnyima binti sauti yake. Ratiba ndiyo iliyofanya hivyo. "Kutafuta tuni kwenye kinanda" maana yake ni kwamba tuni itakuwa ile tu iliyomo kinandani, na kijana mwenye tuni tayari kichwani anapelekwa akaipime kwa chombo kisichoweza kuipima. Kwa watoto wa kwaya hili halikuleta shida, kwa kuwa sikio lao na kinanda vilikwisha kuzoeana. Kwa mtoto wa madrasa lilikuwa kizuizi, na mbaya zaidi, kizuizi kilichoonekana kama upungufu wake. Zoezi la D, E, D, E linafaa kwa mtoto anayeyumba. Binti hakuwa akiyumba. Katika rekodi ya simu noti ya "ko" imerudiwa kwa kila mstari, na kila mara imetua pale pale. Hicho ndicho kipimo ambacho mwalimu yeyote angeweza kukitumia bila kujua jina la maqamu hata moja: mwambie mtoto arudie. Anayekosea hukosea mahali tofauti tofauti, na anayekusudia hurudi mahali pamoja.

Kompyuta ilirudia kosa lile lile kwa kasi zaidi. Kijana aliposema "nimesafisha" hakuwa akifanya jeuri. Programu ndivyo ilivyomfunza, kwamba kilicho nje ya mstari ni uchafu. Ikumbukwe kwamba programu hizo hizo zinavuta na ngoma. Mpiga chapuo wa kundi jingine alipiga chakacha yenye mwendo wa mbili ndani ya tatu, na mistari ya biti ikagandisha kila pigo hadi ngoma ikawa kama saa ya ukutani. Yule hakulalamika. Nadhani hakujua kwamba ana haki ya kulalamika, na yaelekea katika kambi hiyo kulikuwa na wengine wa aina yake ambao hatukuwaona. Binti alionekana kwa sababu ana nyanya.

Lililofaa zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa ujuzi wa mzee peke yake. Ni kwamba aliwapa vijana tatizo la kutunga. Angeweza kuishusha E kwenye mtambo, akalipwa na kuondoka, na kundi lingekuwa limepata huduma tu. Alipowaambia watafute noti za kuandamana zisizo na E, walikaa saa nzima wakihesabu vitufe, wakabishana, wakagundua wenyewe kwamba A, C, E haifai na F, A, C yafaa. Mtoto wa kwaya ndiye aliyeongoza hesabu hiyo kwa solfa yake. Hapo kwa mara ya kwanza kundi lilikuwa kundi, na ujuzi wa kila upande ukapata kazi.

Rekodi ya simu iliokoa kisa kizima, na ilipatikana kwa bahati. Bila hiyo neno la binti lingekuwa dhidi ya neno la mwalimu, na neno la mtoto wa miaka 15 mbele ya kinanda halina nguvu. Kuna na upande wa haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huitambua kazi ya muziki pale ilipoandikwa, iliporekodiwa au ilipowekwa kwa namna inayodumu, na kusajili si sharti la kuwa na haki hiyo. Ile rekodi ya benchini ilikuwa ushahidi wa nani alitunga nini, na lini. Siku ya mwisho kundi lilijaza karatasi ya mgao: maneno na mahadhi ni ya binti, mpangilio wa noti za kuandamana ni wa watatu, besi ni ya kijana wa kompyuta. Karatasi ilijazwa kwa dakika chache, na kwa mara ya kwanza yule kijana akauliza maswali mengi kuliko wote. Alitaka kujua kama biti iliyofutwa bado ni yake. Ni yake.

Swali la kasida lilishughulikiwa vizuri, na nadhani sababu ni kwamba waandaaji hawakujaribu kuwa wanazuoni. Hawakumtolea mama hotuba kuhusu muziki na dini, mjadala ambao Mombasa una umri mrefu kuliko sisi sote. Walimpa kiti na wakampa nyanya nafasi ya kusema kile anachokijua. Nyanya akatoa jibu la kitaalamu kuliko lolote tulilolitoa sisi: alitenganisha njia ya sauti, ambayo ni ya wote, na wimbo wenyewe, ambao una mahali pake na heshima yake. Binti alifundishwa utunzi siku ile na nyanya yake. Hata hivyo, mwaliko ulikuja baada ya malalamiko. Siku ya wazazi ingewekwa mwishoni mwa wiki ya kwanza, rekodi zingesikika kabla hazijawa kesi.

Biti kufutwa ndilo kosa ambalo waandaaji wamelirudia zaidi katika mazungumzo yao, na ni haki. Katika kumrudishia mmoja sauti yake walimpokonya mwingine kazi yake, kwa njia ile ile: mtu mzima akiamua kwamba kitu cha kijana hakifai, bila kumwuliza mwenyewe. Kuna wanaosema ilikuwa haraka ya wiki ya pili. Haraka ilikuwapo, lakini simu pia ilikuwapo, na kijana alikuwa umbali wa matatu moja.

Fleshi zilizoharibika zinaonyesha kwamba uamuzi wa kikaoni haufiki mbali usipoandikwa kwenye mradi wenyewe. Sasa kila faili ya kambi hiyo ina maandishi mafupi mwanzoni yanayomwambia mchanganyaji ni sauti zipi zisiguswe.

Kuhusu yule mgeni na karatasi yake, nimesikia wakimlaumu. Mimi simlaumu sana. Ameajiriwa kusikia kwa kipimo fulani na amesikia kwa kipimo hicho. Aliyemwalika ndiye angemwambia mapema kwamba ukumbi huo utakuwa na vipimo viwili. Na huku Zanzibar si mbali, na Dhow Countries Music Academy inafundisha udi, kanuni na fidla darasani, kwa mwalimu, kwa ngazi. Kambi ya Mombasa haihitaji kujenga chuo. Inahitaji walau chombo kimoja kisicho na vitufe, na mtu wa kukipiga, tangu siku ya kwanza.

Ratiba ya Agosti iliyofuata imebadilishwa. Siku tatu za mwanzo hazina umeme: maneno, sauti, makofi, ngoma, na kila tuni inarekodiwa kwa simu mara mbili kabla haijapelekwa popote. Fungu la mzee wa arusi limeandikwa mapema, na mahamri hayajaguswa. Kijana wa kompyuta, ambaye umri wake wa kambi umepita, amerudi kama msaidizi. Katikati ya mwaka alikuwa ametafuta mwenyewe namna ya kuishusha E senti 50 ndani ya programu yake, akatengeneza biti ya Bayati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Amemwomba binti maneno ya kuitia. Binti amemjibu kwamba atafikiri, mitihani ikiisha.